Nimonia ya Hospitalini kwa Mgonjwa wa Sepsisi: Mwongozo Kamili kwa Nesi na Ndugu Anayeuguza

Katika wodi nyingi za Uganda, anayemgeuza mgonjwa, anayemsafisha kinywa na anayemlisha si nesi. Ni ndugu yake aliyetandika mkeka kando ya kitanda, jerikani na beseni zikiwa ubavuni. Hata mgonjwa akiwa mahututi hali haibadiliki sana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta nchi nzima ina vitanda 55 tu vya ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) vinavyofanya kazi. Baada ya korona vimeongezeka, lakini wagonjwa wengi wa sepsisi bado wanatibiwa katika wodi za kawaida, nesi mmoja akiwa na wagonjwa asioweza kuwahudumia wote.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa watu wawili, nesi wa zamu na ndugu anayeuguza. Pale ambapo jambo ni la nesi peke yake, nitasema.

Tunazungumzia nini hasa

Nimonia ya hospitalini ni ile inayoanza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa, wala hakuja nayo. Kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, saa hizo 48 zinahesabiwa tangu bomba lilipoingia kooni. Tunaweka mpaka huo kwa sababu vimelea si vilevile. Nimonia ya nyumbani mara nyingi huletwa na vimelea ambavyo dawa za kawaida zinaviweza. Ya hospitalini huletwa na kina Klebsiella, Pseudomonas, Acinetobacter na Staphylococcus aureus, ambavyo vingi vimeshazoea dawa.

Sepsisi ni hali ambapo mwili unajibu maambukizi kwa fujo, hadi viungo vyake wenyewe, yaani figo, mapafu, ubongo na moyo, vinaanza kushindwa kazi. Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi ni kwamba fujo hiyo ikitulia, kinga ya mwili hubaki imechoka kwa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa. Mgonjwa aliletwa kwa utumbo uliotoboka kwa taifodi, akapasuliwa, homa ikashuka, watu wakaanza kupiga simu nyumbani kutoa habari njema. Siku ya tano anaanza kuhema. Hajarogwa, na wala haina maana kwamba dawa za mwanzo zilikuwa feki. Maambukizi mapya yamempata akiwa hana kinga.

Yanaingilia wapi? Kinywani. Ndani ya siku chache za ugonjwa mkali, vimelea vya kawaida vya kinywa na koo hupungua na vya hospitali huchukua nafasi. Mgonjwa amelegea, hamezi vizuri, hakohoi kwa nguvu, na mate hayo hutiririka kidogokidogo hadi mapafuni usiku kucha. Karibu kila hatua inayofuata ni ya kuziba njia hiyo.

Hatua ya 1: Mikono

Hapa sitakawia, kila ukuta wa wodi una bango lake. Sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, au dawa ya mikono yenye alkoholi kwa sekunde 20 hadi 30 ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana. Nawa kabla ya kugusa kinywa, mpira wa kulishia au bomba la oksijeni, na unawe tena ukimaliza.

Mambo mawili tu ninayoyaona yakisahaulika. La kwanza ni simu: ndugu ananawa vizuri kabisa, simu inalia, anapokea, kisha anarudi na mikono ileile kumfungua mgonjwa kinywa. La pili ni leso. Leso iliyofuta mate ya mgonjwa isifute uso wako, wala isitumike kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Na nesi, glavu ulizomgusia mgonjwa huyu zisivuke kwenda kwa mwingine.

Hatua ya 2: Inua kichwa na kifua

Lengo ni mwinuko wa digrii 30 hadi 45. Mgonjwa aliyelala chali kabisa, chakula na asidi ya tumbo hupanda koo kirahisi, na mate hukusanyika pale pabaya.

Tatizo ni vitanda. Kwenye vingi mtambo wa kuinulia umeshakufa. Watu huweka matofali chini ya miguu ya kichwani, wakaridhika. Fanya hesabu: kitanda cha mita 2 kikiinuliwa sentimita 20 kinapata mwinuko wa digrii 6 hivi. Ni bora kuliko sifuri, lakini hapo hatujafika. Kinachofanya kazi ni kiti. Chukua kiti imara cha mbao, kigeuze miguu juu, kiweke kitandani upande wa kichwa ili mgongo wake uwe mteremko, kisha egemeza godoro au mito juu yake. Kifunge kwenye chuma cha kitanda kwa kitambaa ili kisiteleze. Cha plastiki hupinda na kuteleza, kikwepe ukiweza.

Huna haja ya kifaa ili kupima digrii. Kona ya karatasi ni digrii 90. Ikunje katikati upate 45, au ikunje mara tatu sawasawa upate 30. Isimamishe ubavuni mwa godoro utaona kama umefika.

Angalia pia nyonga. Mkunjo wa kitanda uwe kwenye nyonga za mgonjwa, siyo tumboni. Akiteleza chini, kifua kinajikunja, mapafu yanabanwa, na mwinuko wote unakuwa wa bure. Mvuteni juu watu wawili kwa shuka, msimvute kwapani. Kila baada ya kumgeuza, hakikisha mwinuko umebaki.

Usimwinue bila kumuuliza nesi ikiwa ameumia uti wa mgongo, ametoka kupasuliwa, au shinikizo la damu limeshuka sana.

Hatua ya 3: Kinywa

Ningeambiwa nichague hatua moja tu ambayo kila familia ifanye, ningechagua hii. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kupiga mswaki kila siku kunapunguza nimonia ya hospitalini kwa takriban theluthi moja, na faida kubwa zaidi ilikuwa kwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Mswaki wa dukani unafanya kazi ambayo dawa ya bei kubwa haiwezi, na bado wagonjwa wengi mahututi hukaa wiki nzima bila kuuona.

Nunua mswaki laini wa mtoto, kichwa chake kidogo kinapita pembeni hata kama bomba liko mdomoni. Fanyeni kazi hii wawili, mara mbili kwa siku. Mgonjwa awe ameinuliwa, uso umegeuzwa upande mmoja, kitambaa kikavu chini ya shavu. Mmoja ashike tochi ya simu (atanawa baadaye) na mashine ya kufyonza kama ipo. Kama haipo, awe na vipande safi vya gozi (shashi ya kufungia vidonda). Mwingine alowanishe mswaki kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, aukung'ute, aweke dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele au asiweke kabisa. Anza nje ya meno ya juu, toka kwenye ufizi kuja kwenye jino, kisha ya chini, kisha ndani ya mashavu, mwisho ulimi kutoka nyuma kidogo kuja mbele. Kila baada ya mizunguko michache, fyonza au futa.

Kwenye kaakaa la mgonjwa anayepumua kwa mdomo utakuta ganda la kahawia, limekauka kama ngozi ya maziwa. Usilikwaruze. Weka gozi yenye unyevu kwa dakika chache, lilainike, kisha litoe taratibu kwa kulizungushia gozi. Hilo ganda likikatika likaingia kooni ni hatari, kwa hiyo tochi isitoke hapo.

Usimwage maji kinywani mwa mtu asiyejitambua, hata kijiko kimoja. Usiweke kidole katikati ya meno yake. Meno ya bandia yatolewe, yaoshwe, yahifadhiwe. Kati ya mswaki wa asubuhi na wa jioni, lowanisha kinywa kwa gozi kila baada ya saa nne hivi. Midomo ikipasuka na yuko kwenye oksijeni, muulize nesi cha kupaka, maana mafuta ya mgando na oksijeni havipatani.

Kwa manesi: klorheksidini ya kusukutulia ilisifiwa kwa miaka mingi, lakini mwongozo wa Marekani wa kuzuia nimonia ya mashine uliosasishwa mwaka 2022 hauipendekezi tena. Haijaonyesha faida iliyotarajiwa, na kuna wasiwasi kwamba inaongeza vifo. Mswaki umebaki.

Hatua ya 4: Chakula

"Ale hata kidogo." Sentensi hii imeingiza uji mapafuni mwa watu wengi. Shangazi amesafiri kutoka Tororo na chupa ya uji, mgonjwa amefumba macho, kila mtu anataka kuona kijiko kinaingia. Naelewa, kwetu kumlisha mgonjwa ni kumpenda. Lakini mgonjwa wa sepsisi aliyesinzia hajui kumeza.

Kwa mdomo ale tu akiwa macho, ameketi, anashikilia kichwa mwenyewe, anakohoa kwa nguvu ukimwambia akohoe, na sauti yake haina maji ndani. Jambo moja likikosekana, kijiko kirudi kwenye chupa, na shangazi aelezwe kwa upole nje ya wodi.

Akilishwa kwa mpira wa puani, nesi ndiye anayehakikisha uko tumboni kabla ya mlo wa kwanza, kwa karatasi ya kupima asidi (5.5 au chini) au kwa eksirei. Kusukuma hewa na kusikiliza tumbo hakutoshi, mpira ulioingia mapafuni nao unaweza kutoa sauti hiyo. Kisha autie alama puani kwa plasta. Ndugu, kabla ya kila mlo tazama alama hiyo. Imesogea? Usilishe, ita nesi. Uji uchujwe usizibe mpira, uende kwa mteremko wenyewe, usisukumwe kwa bomba la sindano kwa haraka. Ukimaliza, pitisha maji safi, kama mililita 30. Abaki ameinuliwa kwa saa moja baada ya kula. Akikohoa, akibadilika rangi au akitapika, funga mpira hapo hapo.

Jambo la daktari: dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli hutolewa kwa mazoea kwa kila mgonjwa mahututi. Zina kazi kwa aliye na hatari ya kutokwa damu tumboni. Kwa asiye na hatari hiyo, tumbo lisilo na asidi huwa kitalu cha vimelea. Si kosa kuuliza kila asubuhi kama bado anaihitaji.

Hatua ya 5: Kuamka na kusogea

Mgonjwa anayelazwa usingizi wa dawa mchana na usiku hakohoi. Kama hakuna sababu maalumu, dawa za usingizi zisimamishwe kila asubuhi ili aonekane kama anaamka, na aliye kwenye mashine ajaribiwe kupumua mwenyewe. Kila siku inayopungua bomba likiwa kooni, hatari inapungua nayo. Diazepamu ya usiku kwa sababu "anasumbua" ifikiriwe mara mbili. Anayesumbua ghafla huenda amekosa oksijeni.

Ndugu amgeuze kila baada ya saa mbili, amkunje na kumnyoosha miguu na mikono, na musawo (mhudumu wa afya) akiruhusu, amketishe ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, mtu mmoja kila upande. Aliyepasuliwa tumbo hakohoi kwa sababu ya maumivu. Apewe dawa ya maumivu kwanza, kisha akumbatie mto juu ya kidonda ndipo akohoe.

Hatua ya 6: Vifaa (kwa nesi zaidi)

Chupa ya maji ya oksijeni ndiyo adui aliyejificha. Ikijazwa maji ya bomba na kuongezewa tu kila siku, Pseudomonas huzaliana humo. Kwa oksijeni ya puani isiyozidi lita 4 kwa dakika, kwa kawaida chupa hiyo haihitajiki. Ikihitajika, maji yawe ya distili au yaliyochemshwa, yamwagwe yote na chupa isafishwe na ikaushwe kila siku.

Mpira wa kufyonza ulioingia kwenye bomba la kupumulia ni wa mara moja. Najua stoo inasemaje. Lakini ule uliolowekwa kwenye kopo la dawa tangu juzi unapeleka vimelea moja kwa moja mapafuni, na ikibidi uchaguzi, heri kufyonza anapohitaji tu kuliko kufyonza kwa ratiba kwa mpira mchafu. Wa kinywani na wa bombani isichanganywe kamwe.

Puto la bomba la kupumulia lipimwe shinikizo, libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Mirija ya mashine ibadilishwe ikichafuka, siyo kwa kalenda, na maji yanayokusanyika ndani yake yamwagwe kwa kuyaelekeza mbali na mgonjwa.

Hatua ya 7: Daftari

Nunua daftari la shule. Kila baada ya saa nne andika: saa, mapumzi kwa dakika, oksijeni ya kidoleni, joto, mkojo, rangi ya makohozi, anaongea sawa au la. Mapumzi hesabu dakika nzima, ukitazama kifua bila kumwambia.

Mwite musawo mara moja ukiona mapumzi yamevuka 22 na yanapanda, au oksijeni imeshuka chini ya 90. Mwite pia kama joto limepita 38 au limeshuka chini ya 36, maana wazee na walio hoi huwa hawapandi homa kabisa. Makohozi yaliyogeuka manjano au kijani na kuongezeka, kuchanganyikiwa kusikokuwapo jana, na mkojo uliopungua ni dalili vilevile. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa mililita 30 hivi kwa saa.

Usimwambie daktari "hali imebadilika". Mwambie: "Jana jioni alipumua mara 20, alfajiri hii 32. Oksijeni ilikuwa 95, sasa 88." Atanyanyuka. Ndugu aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, au kwa Wanubi wa Bombo, huenda asielewane na daktari kwa Kiganda wala Kiingereza. Namba hazihitaji mkalimani.

Hatua ya 8: Ikishashukiwa

Daktari ataagiza eksirei ya kifua. Doa jipya pamoja na homa, makohozi ya usaha au chembe nyeupe za damu zilizopanda au kushuka mno, hapo nimonia inakaribia kuthibitika. Lakini si kila weupe kwenye picha ni nimonia. Mgonjwa wa sepsisi amemiminiwa maji mengi mshipani, na mapafu yaliyojaa maji yanafanana nayo. Kwamba maji mengi yanaweza kudhuru, tumejifunza kwa uchungu nyumbani: utafiti wa FEAST uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika kwa watoto zaidi ya 3,000 Uganda, Kenya na Tanzania, hospitali za Mulago, Soroti, Mbale na Lacor zikiwemo, ulikuta watoto waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi. Mwenye virusi vya UKIMWI apimwe pia kifua kikuu kwa makohozi yake, hata kama picha inaonekana ya kawaida.

Sampuli za makohozi na damu zichukuliwe kabla ya dawa mpya, kisha dawa zianze. Akiwa na mshtuko wa sepsisi (shinikizo la damu limeshuka mno), dozi ya kwanza iingie ndani ya saa moja. Kusubiri majibu ya maabara hapo ni kumpoteza.

Dawa ipi? Mara nyingi mgonjwa tayari yuko kwenye seftriaksoni tangu alipofika. Kuiendeleza kwa nimonia iliyotokea juu yake ni kurudia swali lililokwisha jibiwa. Kwa kawaida huhamishiwa piperasilini-tazobaktamu, sefepimu, au meropenemu, pengine na amikasini ikiwa figo zinaruhusu. Uchaguzi ufuate vimelea vinavyoonekana katika maabara ya hospitali hiyo. Hospitali kadhaa za rufaa za mikoa zina maabara za kuotesha vimelea, na majibu yao yasikae droo ya ofisini.

Familia ikitumwa kununua nje, iombe iandikiwe jina, kipimo, na idadi ya chupa kwa saa 24. Nunua famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na hifadhi risiti. Fedha zikitosha siku mbili tu, semeni siku ya kwanza, siyo chupa ya mwisho ikiisha saa tisa usiku. Daktari anaweza kupanga vingine au kutafuta kwenye stoo.

Baada ya saa 48 hadi 72, swali liulizwe wazi mbele ya faili: majibu yanasemaje, na dawa ipi inaweza kuondolewa? Akiendelea vizuri, siku 7 zinatosha kwa wengi. Kuongeza hadi 14 "kwa usalama" kunalea vimelea sugu. Asipopata nafuu ndani ya siku tatu, tafuteni usaha kati ya pafu na ubavu, kifua kikuu, maambukizi ya sehemu nyingine, au kimelea ambacho dawa haikigusi.

Hatua ya 9: Mlo wa kwanza na kurudi nyumbani

Bomba likitoka, usikimbilie matoke. Koo lililokaa na bomba siku kadhaa husahau kazi yake. Nesi amketishe wima, ampe kijiko cha maji, asubiri, asikilize sauti. Akikohoa au sauti ikiwa na maji, arudishwe kwenye mpira, ajaribiwe tena kesho. Akimeza salama, aanze na vyakula laini, kidogokidogo, akiwa ameketi.

Siku ya kuruhusiwa, ondokeni na filamu za eksirei, majina ya dawa alizopewa na siku zake, na jibu la kipimo cha kifua kikuu, au tarehe ya kulifuata. Nyumbani aendelee kulala ameinuka kidogo na kupiga mswaki mara mbili kwa siku. Homa ikirudi, akianza kuhema, au kuchanganyikiwa ndani ya wiki za mwanzo, msianze na dawa zilizobaki kabatini. Mpelekeni hospitali na lile daftari.